Barua ya wazi kwa waheshimiwa wa Beacon Hill: mambo ya mtaa si mtuachie wenyewe?

Kwa Mheshimiwa Spika Ron Mariano, Mheshimiwa Rais wa Seneti Karen Spilka, na nyinyi waheshimiwa wote 200 wa bunge la jimbo la Massachusetts pale Beacon Hill, Boston, 160 wa nyumba ya chini na 40 wa Seneti,

Salamu zenu. Naandika Kiswahili makusudi. Najua ofisi zenu haziwezi kosa mtu wa kutafsiri, na hata zikikosa, huku Lowell na kule Worcester kuna Wakenya, Watanzania na Wakongo wa kutosha watakaosoma alafu wawapigie simu, na kusema ukweli hao ndio nataka waelewe kwanza, kwa sababu wengi wetu tunajua rais wa Marekani ni nani, gavana Maura Healey tunamjua, lakini ukiuliza mtu nani anaamua kama mji wake utapata leseni moja zaidi ya kuuza bia atakwambia bila kufikiria, si ni watu wa siti hoo, ofisi za mji. Kumbe wapi. Ni nyinyi.

Mtu akisikia bunge la jimbo anafikiria mijadala mikubwa mikubwa, bajeti ya mabilioni, watu wamevaa tai wanapigiana kelele. Iko, lakini ni siku chache. Siku nyingi ni vile vikao vyenu vya Jumatatu na Alhamisi, vile mnaita visivyo rasmi, ukumbi karibu mtupu, yule samaki wa mbao, pambo la ukumbi wenu, amening'inia juu akitazama viti, waheshimiwa wachache wamesimama mbele, karani anasoma vichwa vya miswada haraka haraka na nyundo inagonga. Mji fulani uruhusiwe kuongeza leseni ya pombe, imepita. Mzima moto fulani wa mji fulani aruhusiwe kuendelea na kazi ingawa amefika umri wa kustaafu, imepita. Mfanyakazi fulani wa jimbo ameugua na siku zake za likizo zimeisha, wenzake wanataka kumchangia siku zao, sasa hiyo nayo inahitaji mswada wake peke yake wenye jina la huyo mgonjwa juu, ipite huku, ipite Seneti, gavana aweke sahihi. Nilipojua hiyo ya mwisho nilicheka kwanza alafu nikanyamaza, maana mtu ako hospitali na kuchangiwa siku za likizo na wafanyakazi wenzake ni mpaka itungwe sheria ya jimbo zima.

Sijaandika kuwacheka. Mimi ni mtu nafuatilia hizi vitu, naziangalia kwa simu nikiwa mapumziko kazini, na naona kazi inafanywa. Mambo mazuri mengi yanatoka kwa hivyo vikao vidogo ambavyo hakuna gazeti linaandika. Shida yangu ni moja tu na nitaisema mara moja ili msinisome mpaka chini mkitafuta: vitu vingi mnavyoshughulikia si vyenu, ni vya miji, na vile vinavyobaki kuwa vyenu mnavishughulikia bila tarehe na bila mtu kujua nani alikataa nini.

Wacha nieleze wenzangu vile inaenda, nyinyi mnajua. Massachusetts ina miji 351, mikubwa na midogo. Mwaka 1966 wananchi walipitisha badiliko la katiba la kuipa miji mamlaka ya kujiendesha, na likaja na kipengele kizuri kwamba bunge lisitunge sheria ya kuhusu mji mmoja mpaka mji wenyewe uombe, la sivyo gavana apendekeze na theluthi mbili za kila nyumba zikubali. Sawa, hapo pongezi. Lakini badiliko hilo hilo likaacha orodha ya vitu ambavyo mji hauwezi kujiamulia hata ukilia: mambo ya uchaguzi, kutoza kodi, kukopa pesa, na kadhaa zingine. Ongeza na zile sheria za jimbo zinazogusa kila kona, ndio unapata kwamba mji unakaa kikao, madiwani wanajadili wiki nzima, ama kwa ile miji midogo wananchi wenyewe wanajaa ukumbi wa shule wanainua mikono, wanakubaliana, alafu hicho walichokubaliana kinageuzwa kuwa ombi, kinabebwa na mbunge wao mpaka Beacon Hill, kinapewa namba, kinatupwa kwa kamati, na hapo ndio safari inaanza upya kana kwamba hakuna mtu alikuwa amejadili. Ni kama baba mwenye wake na watoto bado anaenda kwa baba yake kuomba ruhusa ya kuchinja kuku wake.

Chukueni hiyo ya leseni za pombe. Sheria ya jimbo, sura ya 138, inapanga idadi ya leseni kwa hesabu ya watu wa mji. Ukitaka zaidi, omba. Kwa hiyo mji uliofungua mahoteli mapya pale katikati unakuja kwenu na mswada wa leseni mbili, mwingine tano, mwingine unataja mpaka jengo lenyewe kwa namba ya barabara. Boston ndiyo ilionyesha vile hii kitu inaumiza, kwa sababu leseni zilikuwa chache mpaka zikawa zinauzwa kati ya watu kwa mamia ya maelfu ya dola, na mwenye kuweza kununua ni mkubwa wa pale ufuoni, si mama wa Mattapan au Roxbury anayepika vizuri lakini hana hizo pesa. Mwaka 2024 ndio mkapitisha leseni mpya 225 za Boston, nyingi zimefungwa kwa maeneo 13 ya posta (zipu kodi), zinatolewa kidogo kidogo kwa miaka mitatu na mwenye kupewa hawezi kuiuza kwa mtu mwingine. Sheria nzuri hiyo, sina neno. Swali langu ni kwamba Boston, mji wenye meya, madiwani 13 na bodi yake ya leseni, ilihitaji mheshimiwa wa kutoka Berkshire, masaa mawili na kitu kwa gari, apigie kura baa ya Hyde Park? Anaijua hiyo baa? Amewahi kupita hapo?

Na hapa ndio sisi wa kutoka Kenya tunashangaa, na msione nawapiga. Kwetu tunawasema vibaya waheshimiwa wa kaunti, MCA, usiku na mchana, posho, safari za Mombasa, kumtoa gavana kila baada ya mwaka, yote tunajua. Lakini katiba ya 2010, ile jedwali ya nne, imesema wazi leseni za pombe ni kazi ya kaunti, na masoko, na barabara za kaunti, na takataka, na shule za chekechea. Nairobi haiulizwi. Ukitaka kugombana kuhusu baa iliyo karibu na shule unaenda kugombana na mtu mnayeonana naye sokoni. Na si eti kaunti inafanya vile inataka, mwaka 2014 Mahakama Kuu ilifuta sheria nzima ya fedha ya Kiambu ya 2013 kwa sababu wananchi hawakushirikishwa inavyotakikana. Nchi yenye katiba ya miaka michache tu wakati huo. Nyinyi yenu ni ya 1780 mnajivunia kila siku kwamba ni ya zamani kuliko ya Marekani yenyewe.

Turudi. Ile ya ardhi za wazi naielewa zaidi, hiyo sitaki muiache. Katiba inasema mji ukitaka kugeuza matumizi ya bustani au msitu wa umma, hata kama ni ukanda mwembamba wa kupitisha bomba la maji taka, lazima theluthi mbili za kila nyumba zikubali kwa kura ya majina. Ni ulinzi mzuri kwa sababu mji ukiishiwa pesa kitu cha kwanza kuuza ni bustani, hiyo tumeona kwingine. Lakini angalieni kalenda yenu. Mwaka wa pili wa kila kipindi chenu cha miaka miwili vikao rasmi vya kawaida vinaisha Julai 31. Baada ya hapo, ukiacha mambo machache, ni vile vikao vya watu wachache, na kwa vikao hivyo hakuna kura ya majina, na mbunge mmoja tu akikataa kitu kinasimama. Kwa hiyo bomba la mji likikosa kuingia kwa ule msongamano wa wiki ya mwisho ya Julai, pale mnakesha mpaka alfajiri mkipitisha vitu ambavyo hata wenyewe hamjamaliza kusoma, linangoja mpaka Januari na ombi linaanza upya kabisa kwa bunge jipya. Mkandarasi atangoja? Bei itangoja?

Na hiyo ya mtu mmoja kusimamisha kila kitu ina pande mbili, nakubali. Desemba 2023 tuliona bajeti ya nyongeza, ile yenye pesa za makao ya dharura na nyongeza ya mishahara ya wafanyakazi maelfu, imekwama siku kadhaa kwa sababu Warepublican wachache walihoji akidi, yaani idadi ya wabunge inayotakiwa, kwenye ukumbi ambao mlijua hauna watu. Mkakasirika nao. Mimi nikajiuliza, kwani nani alizuia wengine kuja kazini? Mlipoamua kuja mlijaa na ikapita siku hiyo hiyo.

Sasa uwazi. Hapa nitaongea kidogo kwa uchungu mnisamehe. Kamati ndogo ya mji, hata ile ya kuangalia makaburi, ina sheria kwamba lazima itangaze mkutano na ajenda masaa 48 kabla, bila kuhesabu Jumamosi na Jumapili, na mlango uwe wazi. Wakikosea wanashtakiwa kwa ofisi ya mwanasheria mkuu. Nani aliwawekea hiyo sheria? Nyinyi. Na nani haimhusu? Nyinyi. Sheria ya mikutano ya wazi haigusi bunge, sheria ya kumbukumbu za umma haigusi bunge. Mwaka 2024 wapiga kura karibu asilimia 72 wakasema mkaguzi wa jimbo Diana DiZoglio awakague, na tangu siku hiyo ni mambo ya mawakili na katiba na nani ana mamlaka gani. Sijasoma sheria, inawezekana hoja yenu ya mihimili kutenganishwa ina uzito. Lakini asilimia 72 katika jimbo hili ambalo watu hawakubaliani hata kuhusu donati ni sauti, na hiyo sauti hamkuijibu, mliiandikia barua za kisheria.

Nitawapa haki yenu pia. Kanuni mpya za pamoja mlizokubaliana 2025, mara ya kwanza tangu 2019, zimesema mkutano wa kusikiliza mswada utangazwe siku 10 kabla na kura za kamati ziwekwe watu wazione. Hiyo ni kubwa. Kabla ya hapo mtu alikuwa anajua mswada wake umeenda kusomwa zaidi, yaani umezikwa, na hajui hata mheshimiwa wake mwenyewe alishika jembe au hakushika. Sasa msirudi nyuma. Alafu kuna kitu chenu kimoja ambacho naambia kila mtu wa nyumbani na hawaamini: Massachusetts mwananchi yeyote anaweza kuandika mswada wake akaomba mbunge wake auwasilishe, na kila mswada lazima upate siku yake ya kusikilizwa. Kila mmoja, na kila kipindi inaletwa zaidi ya elfu sita. Ni mzuri sana huu utaratibu, na ndio maana inaniuma zaidi kuona ombi la mji mzima linalala miaka wakati tumepewa mlango wazi hivi.

Pesa sitaongea sana maana hapo kila mtu ana lake. Miji imefungwa na ile sheria ya 1980 kwamba jumla ya kodi ya majumba isipande zaidi ya asilimia mbili na nusu kwa mwaka mpaka wapiga kura wakubali, mnaijua, kwa hiyo kila mashimo ya barabara yanaishia kwenu. Pesa za barabara za miji zilikaa dola milioni 200 kwa mwaka miaka na mikaka huku lami ikipanda bei, 2025 ndio mkafikisha milioni 300, asanteni, tumeona, ingawa mtaani kwetu bado kuna shimo ambalo nimeshalipa jina. Gavana alileta mswada wa kuipa miji nafasi zaidi, kwa mfano mji ukitaka kodi yake ya chakula cha hotelini itoke asilimia 0.75 ifike 1 ujiamulie, si lazima, ukitaka tu. Alileta 2024 ikalala, akarudisha 2025. Mnaogopa nini? Mji ukiongeza kodi vibaya wananchi watawatoa madiwani wao, si nyinyi.

Hata mikutano ya Zoom jameni. Tangu korona ya 2020 miji inaruhusiwa kufanya vikao watu wakiwa mtandaoni, na hii ruhusa mmekuwa mkiiongeza vipande vipande, ikakaribia kuisha 2023 mkaongeza, ikafika mwisho Machi 2025 mkaongeza siku za mwisho mwisho, sasa ni mpaka Juni 2027. Mimi nafanya kazi ya kuangalia wazee, shifti yangu inaanza saa tisa mchana inaisha saa tano usiku, na wengi wetu huku ni hivyo hivyo. Kikao cha mji saa moja jioni ningekiona wapi bila simu? Mtu anayesukuma kiti cha mgonjwa huku sikio moja linasikiliza madiwani ni mwananchi anashiriki, iwekeni iwe ya kudumu muachane nayo.

Kuna maombi mengine najua hayakwami kwa bahati mbaya, yanakwama kwa sababu ni magumu. Boston iliomba 2023 kuruhusiwa kudhibiti kupanda kwa kodi za nyumba za kupanga, madiwani 11 kwa 2, na hamkuipitisha. Najua jimbo lilikataza hiyo kitu kwa kura ya 1994 iliyopita kwa tofauti ndogo, na kuna watu wa akili wanaosema udhibiti unaua ujenzi. Nantucket na wengine waliomba kutoza ada kidogo kwa mauzo ya majumba ya bei kubwa ili wajenge nyumba za watu wa kawaida, gavana mwenyewe akaiweka kwa mswada wake wa makazi, na sheria ya dola bilioni 5.16 ya Agosti 2024 ilipotoka hiyo ada haikuwemo. Sawa, kateni. Ninachoomba ni mkate kwa kura. Mji ukileta ombi lililopita kihalali, upewe tarehe, kwa mfano miezi sita, na siku hiyo ikifika kila mmoja abonyeze ndiyo au hapana jina lake lionekane. Hapana ni jibu, mtu anaenda kupanga kingine. Kunyamaza ndio kunamaliza watu nguvu, kwa sababu mji hauwezi kukata rufaa dhidi ya kimya, na mwaka wa pili ukiisha ombi linakufa lenyewe bila muuaji.

Zile ndogo, leseni, umri wa mzima moto, siku za ugonjwa, tungeni sheria moja ya jumla kwa kila aina na mziache ziende kwa miji na idara. Siku za ugonjwa anzeni nazo hata kesho, hakuna chama kitapinga mgonjwa.

La mwisho ni letu sisi. Amherst na Cambridge walianza zaidi ya miaka 20 iliyopita kuomba wakaazi wenye grin kadi, yaani bado si raia, waruhusiwe kupiga kura za mji tu, si za rais, si za gavana, ni zile za diwani na bodi ya shule. Newton wakaomba, Brookline, Somerville, na Boston ikaingia Desemba 2023. Hakuna hata moja mmepitisha. Huyu mtu mwenye grin kadi amenunua nyumba, analipa kodi ya nyumba, watoto wako shule ya mji, anaosha wazee wenu, na shimo la barabara ni lake pia. Mnaweza kukataa, na mkikataa nitasikitika lakini nitajua ni nani. Mwaka 2022 mlipopitisha leseni za udereva kwa wasio na makaratasi, mkavuka veto ya gavana wa wakati huo Baker, wengi walisema wapiga kura watawaadhibu, na Novemba hiyo hiyo wapiga kura wakaibariki. Kwa hiyo msituambie jimbo haliko tayari kabla hamjauliza.

Kamati ya sheria za uchaguzi ikipanga tena kusikiliza hayo maombi, tangazeni zile siku 10 na muweke asubuhi tafadhali. Shifti zetu nyingi ni za mchana na usiku, asubuhi tunaweza kujipanga kwa gari moja moja mpaka Boston, paking tutachangishana.

Wenu,
Mkaazi wa Lowell, mlipa kodi